Kidudu cha mto kinabeba chakula cha siku moja tu

Kichocho kinaingia mu mwili wa watu wanaosafisha mawe mu mito ya Katanga. Sisi wa sindika tulitafuta kujua namna gani kile kidudu kinaishi mu maji bila kula. Jibu lake linatupa njia ya kujilinda, na linatupa pia neno la kuwaambia wakubwa wa carrière.

Midi, jua inawaka. Chini ya carrière yetu, upande wa Kolwezi, wamama kumi na wawili wamesimama mu mto, maji paka magoti. Wanatikisa mawe mu chujio, udongo mwekundu unaenda na maji, mawe ya kijani yanabaki. Pembeni, watoto ambao hawapashwi kuwa pale wanaruka mu maji na kucheka.

Tuliwauliza wamama: hamuogopi kichocho? Mmoja, mwenye kutuzidi miaka, akasimama akatutazama.

"Bana bangu, angalieni hii mayi. Iko safi paka chini, unaona mawe. Bilulu biko wapi?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulijua paka kile kinachoandikwa mu affiche ya dispansere: musiingie mu maji. Lakini kumwambia mama wa kusafisha mawe asiingie mu maji ni sawa na kumwambia creuseur asiingie mu shimo. Jioni watoto wake watakula nini?

Tulirudi na haya. Na haikuwa haya ya siku moja. Mu msimu wa mvua uliopita tulimzika mwenzetu. Alianza kusafisha mawe akiwa na miaka kumi na miwili, kisha akashuka mu mashimo kama sisi wote. Miaka mingi aliona damu mu choo akanyamaza, juu mwanaume haongei mambo ya choo. Tumbo likavimba, mikono na miguu ikakonda. Watu wakasema ni sumu, wengine wakasema ni ndoki. Usiku mmoja akatapika damu, bakuli nzima, na asubuhi hakuiona. Muganga alitueleza kwamba mayai ya mnyoo yaliziba njia za damu mu maini, miaka na miaka, paka mishipa ya koo ikapasuka. Akaongeza: dawa ya kuua ule mnyoo ni vidonge vya siku moja. Siku moja! Tulichanga pesa ya sanduku mara kumi kuliko bei ya vile vidonge.

Ndiyo maana tulikaa chini na infirmier mmoja na mwalimu wa biolojia, tukaomba watufundishe kutoka mwanzo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mnyoo mmoja, majina mengi

Mu hospitali zetu wanaiita bilharziose. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema kichocho. Jina la Kifaransa linatoka kwa Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyeona ule mnyoo mu mwili wa marehemu kule Cairo, Misri, mu 1851. Lakini watu walibaki miaka zaidi ya 60 bila kujua unapita wapi kuingia mu mwili. Mu 1913, kule Japani, Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba lazima upite kwanza mu konokono wa maji. Miaka miwili nyuma, Mwingereza Leiper akaonyesha jambo lile lile Misri.

Congo yetu nayo iko mu hii historia. Mu 1934 daktari Fisher aliandika juu ya kichocho cha wilaya ya Stanleyville, leo Kisangani, na aina ya mnyoo aliyoieleza ikapewa jina lake yenyewe, Schistosoma intercalatum. Aina mbili zinazojulikana zaidi mu Afrika ni mansoni, inayokaa mu mishipa ya matumbo na kuharibu maini, na haematobium, inayokaa karibu na kibofu na kuleta damu mu mkojo.

Ni minyoo bapa, ya ukoo mmoja na ule mnyoo wa maini ya ng'ombe ambao wachinjaji wanaujua, kama jani dogo. Wote wana desturi moja: mu maisha yao wanatoka mu mwili wa mwenyeji, wanaogelea peke yao mu maji, kisha wanaingia tena mu mwili mwingine. Ni pale mu maji tunapotaka kusimama, juu ni pale wako na udhaifu.

Safari ya kwanza: kutafuta konokono

Mnyoo wa kike wa mansoni anataga mayai mia na zaidi kwa siku. Karibu nusu yanatoka na choo. Yale mengine yanabaki mu mwili, na ndiyo yanayoua. Yai likifika mu maji baridi ya mto, maji yasiyo na chumvi, linapasuka. Anatoka kidudu kinachoitwa mirasidio. Ni kidogo sana: ukipanga sita au saba kwa mstari hawafiki urefu wa milimetre moja. Mwili wake wote uko na nywele ndogo kama makasia, na anapiga mbio milimetre mbili hivi kwa kila segonde.

Sasa tusikilize vizuri. Mirasidio hana kinywa cha kula. Hawezi kula kitu chochote mu mto. Alipokuwa mu yai aliwekewa akiba, na hiyo akiba ndiyo yote aliyo nayo. Inaitwa glikojeni. Ni sukari iliyofungwa pamoja, kama wanga wa unga wa bukari. Sisi pia tunayo mu misuli na mu maini, ndiyo inatusaidia kusukuma nyundo mbele chakula hakijafika.

Mwenye kushuka mu shimo anaelewa mara moja. Unashuka na torche, batri imejazwa nyumbani, mule chini hakuna courant. Ukitembea, ukitafuta, taa inaenda ikipungua. Ukifika kwenye jiwe mbele taa haijazima, umepata. Isipofika, unabaki mu giza. Mirasidio iko vile. Masaa yake ya kwanza yana nguvu. Nyuma ya hapo anapoteza uwezo wa kutoboa konokono, na siku moja haipiti akiwa hai.

Akipata konokono wa aina yake, anaingia na shida yake ya chakula inaisha. Mule ndani anakula kazi ya konokono. Anajizidisha, wiki nne au tano hivi, paka mirasidio mmoja amezaa maelfu. Hatujui boss mwingine anayepata faida kama ile kwa kuingia mu nyumba ya mtu mara moja.

Safari ya pili: kututafuta sisi

Wale wanaotoka mu konokono wanaitwa serkaria. Ni hawa wanaoingia mu ngozi yetu. Konokono mmoja mwenye ugonjwa anaweza kutoa mamia, hata zaidi ya elfu, kwa siku moja, na anaendelea hivyo siku nyingi. Serkaria iko na kichwa na mkia uliopasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Urefu wote, nusu ya milimetre. Ndiyo maana mama yetu hakuwaona mu maji safi: maji kuwa safi hakuonyeshi kitu, kuna macho machache yanayoweza kuona serkaria akipita.

Jambo jingine la kushika: wale wa mansoni wanatoka mu konokono kwa kufuata mwangaza. Wanatoka kwa wingi jua likipanda, kuanzia katikati ya asubuhi paka nyuma ya midi. Ni saa zile zile wamama wanasafisha mawe na watoto wanaogelea. Kidudu kimejifunza saa zetu za kazi.

Serkaria naye hali. Hana siku ya kula paka aingie mu mtu. Anaishi na akiba ya glikojeni aliyotoka nayo kwa konokono. Na anaichoma vizuri sana. Hapa mwalimu alituletea mfano wa mbabula.

Mbabula ikiwa na upepo mzuri chini, makala yanawaka mekundu, yanaisha yote, yanabaki majivu. Umepata moto wote uliolipia. Ukifunika matundu, makala yanalala, moshi unatoka, chungu hakichemki. Mwili wa kiumbe unachoma sukari kwa njia hizo mbili. Ikitumia oksijeni, sukari inachomwa paka mwisho. Kipande kimoja cha sukari, glukosi, kinatoa nguvu kama mara 30. Bila kutumia oksijeni, sukari inakatwa katikati tu, inabaki asidi ya laktiki, na kile kipande kinatoa nguvu mara 2 tu.

Mtu mwenye akiba kidogo hawezi kuchezea makala. Kwa hiyo mirasidio na serkaria, mu maji ya mto yenye oksijeni, wanachoma paka mwisho. Na wanajua kuchunga. Serkaria ya mansoni haipigi mbio wakati wote: anapiga mkia kupanda juu, kisha anaacha mwili ushuke polepole bila kazi, anapumzika, anapanda tena. Sehemu kubwa ya kazi iko mu mkia, na ni mkia unaomaliza akiba.

Mu 1980, Lawson na Wilson, watafiti wa Uingereza, walipima urefu wa maisha ya serkaria mu maji ya joto mbalimbali, pamoja na namna glikojeni inavyoisha. Walichoona kinaingia mu akili: maji yakiwa moto, kidudu kinachoma akiba haraka, kinakufa mapema. Maji yakiwa baridi, akiba inadumu zaidi. Tuandike hii mu kichwa kwa ajili ya Juni na Julai, wakati wa baridi kwetu, maji yanapokata mikono.

Kwa jumla: wengi wanapoteza nguvu ya kutoboa ngozi mu siku ya kwanza, na siku mbili zikipita karibu wote wamekufa. Hakuna aliyewapiga dawa. Batri imeisha.

Akiingia, anabadilisha kazi

Joto la mwili na mafuta ya ngozi yetu vinamwita. Anashika ngozi, anaachilia mkia, anatoa maji maji yanayoyeyusha ngozi, na mu dakika chache kichwa kiko ndani. Wengine wanasikia kuwashwa, wengine hawasikii kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Utrecht, Uholanzi, Horemans, Tielens na van den Bergh walitafuta kujua nini kinabadilika pale. Waliona kwamba kichwa, ambacho mu maji kilikuwa kinachoma sukari paka mwisho kwa oksijeni, kinaanza kuikata nusu tu na kutupa asidi ya laktiki. Mkia haubadiliki, mabadiliko yanafanyika mu kichwa peke yake. Na kinacholeta mabadiliko ni glukosi iliyo nje ya kidudu. Wakimweka penye glukosi nyingi, anaanza kuipoteza. Wakiiondoa, anarudi kwa uchomaji wa akiba.

Sisi tulishangaa. Mu damu yetu oksijeni iko, kwa nini aache njia yenye faida? Infirmier akatujibu kwa swali: "Kama makala ni ya bure na hayaishi, nani atachunga mbabula?" Ndiyo hiyo. Mu mto alikuwa masikini, anahesabu kila punje. Mu damu yetu sukari inapita mbele yake usiku na mchana, gramu moja hivi mu kila litre. Mnyoo mkubwa anakula glukosi sawa na uzito wake mkavu kila masaa matano. Anakula vibaya, anatupa laktiki mu damu, na ni maini yetu yanayochukua ule uchafu na kuugeuza tena sukari. Tunamlisha, tunamsafishia. Na anaweza kukaa hivyo miaka mitatu, kumi, wengine zaidi, dume na jike wameshikana, wakitaga kila siku.

Ukimwona creuseur kijana amechoka asubuhi mbele ya kushika nyundo, usimwite mvivu haraka. Njaa ya mnyoo peke yake ni kidogo. Lakini damu inayopotea mu choo, mayai mu matumbo na maini yanayovimba vinakula nguvu ya mtu. Mtoto mwenye kichocho anakosa damu, anabaki mfupi, mu masomo anasinzia.

Hesabu ya mapipa matatu

Tumefika sasa pale tulipotaka. Kidudu cha mu maji hakili. Kina akiba ya siku moja au mbili. Kwa hiyo maji yaliyotolewa mu mto na kulala bila konokono yanajisafisha serkaria yenyewe. Hatuhitaji mashine.

Nyumbani, kwa kuoga na kufua, tunapendekeza mapipa matatu. Leo jumatatu unatumia pipa la kwanza, jioni unalijaza. Jumanne unatumia la pili, jumatano la tatu. Alhamisi asubuhi unarudi kwa la kwanza: maji yake yamelala usiku tatu na siku mbili nzima. Hata mu baridi ya Julai kidudu kimekwisha. Kwa mwenye familia ndogo, bidon tatu kubwa zinatosha.

Mambo ya kuchunga ni haya. Chuja maji kwa kitambaa wakati wa kujaza, ili konokono asiingie mu pipa. Konokono mmoja mule ndani ataendelea kutoa serkaria na hesabu yote inaharibika. Usiongeze maji mapya juu ya yale yaliyolala. Funika pipa, juu ya mbu. Na yule anayechota asiingie mu mto: atumie ndoo na kamba, au asimame juu ya ubao na boti za kaoutchou. Tulisahau hii mwanzoni, watoto wakawa wanaingia paka kiuno ili kujaza mapipa ya kuwalinda wazazi.

Kwa haraka, maji yaliyochemshwa yanaua serkaria mara moja. Lakini makala ni ghali, na kulaza maji ni bure.

Kwa kusafisha mawe, hesabu ni ile ile. Tunaomba mabwawa matatu madogo ya bâche, yajazwe na pompe, kila moja lilale siku mbili mbele ya kutumika. Bwawa likaguliwe, likauswe mara kwa mara, majani yasiote pembeni, juu konokono wanapenda majani. Tulipeleka hesabu hii kwa wakubwa wa carrière tunapofanya kazi. Jibu la kwanza lilikuwa: "Mu mto maji ni ya bure, bwawa ni la nini?" Tuliwajibu kwamba maji ya bure tumekwisha kuyalipa, risiti yake iko kwenye makaburi. Bado hawajakubali. Bwawa la kwanza tulilijenga sisi wenyewe, kwa mchango wa kila juma, na wamama saba kati ya kumi na wawili wanasafishia pale. Mabwawa mawili yanakosekana, kwa hiyo siku nyingi wanarudi mu mto. Tunasema ukweli: hatujamaliza.

Maneno tunayosikia, na majibu yetu

"Maji ya usine hayana konokono, tuogee mule." Ni kweli kwamba shaba inaua konokono. Kuanzia miaka ya 1920, Misri na Sudani walitupa sulfate ya shaba mu mifereji kwa ajili hiyo. Lakini maji yanayoua konokono na samaki si maji ya kuogesha mtoto. Kukimbia mnyoo na kuingia mu sumu si kupona. Na kulaza maji hakuondoi metali wala asidi hata kidogo.

"Maji yamelala siku mbili, sasa tunaweza kunywa." Hapana. Kulala kunaua serkaria, hakuui mikrobi ya kolera na tifoidi. Maji ya kunywa tuyachemshe.

"Mimi naingia asubuhi sana, sina shida." Asubuhi mapema serkaria ni wachache kuliko midi, hii inasaidia. Lakini wachache si sifuri.

"Nikijipangusa haraka wanaanguka." Kujipangusa kwa nguvu mara tu unapotoka kunaweza kupunguza, lakini wao wanahitaji dakika chache tu. Mtu aliyesimama mu maji saa nzima amekwisha kuwapokea.

"Choo cha mtu mmoja kitafanya nini?" Kumbukeni mirasidio mmoja na maelfu yake. Yai likibaki mu kabine kavu, mbali na mto, linakufa bila kuona maji. Kabine mbili kwenye carrière, zilizochimbwa na watu wanaojua kuchimba kuliko wote mu hii inchi, ni kazi ya siku moja. Hakuna sababu ya sisi, wachimbaji, kukosa shimo la choo.

Dawa, na haki

Dawa ni praziquantel. Muganga anapima uzito, au urefu kwa watoto, anahesabu vidonge. Kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mtu. Ule mbele ya kumeza. Tumbo linaweza kuuma na kichwa kuzunguka siku ile, inapita. Usinunue nusu ya vidonge sokoni na kugawana na ndugu: mnyoo haufi kwa nusu.

Jueni pia kwamba praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, lakini vijana wake, waliotoka kuingia wiki chache tu, wengi wanapona. Na haikulindi kwa kesho. Ukimeza jumatatu na kurudi mu mto jumanne, umeanza upya. Ndiyo maana vidonge na mapipa vinatembea pamoja, na kipimo cha choo na mkojo kirudiwe.

Kwa wenye mkataba: Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwekea mwajiri kazi ya kumtunza mfanyakazi na familia yake mu ugonjwa. Kichocho ni ugonjwa. Mwombeni kipimo, na familia pia, na mkikataliwa mje kwetu na karatasi. Kwa creuseurs wasio na mkataba, mlango ni dispansere ya serikali na coopérative. Coopérative inayokata pesa kwa kila gunia inaweza kukata pia kwa vidonge mara moja kwa mwaka. Tunaomba mambo manne: kipimo kwa wote wanaogusa maji, vidonge, kabine, na mabwawa matatu kwa kila mahali pa kusafishia mawe. Na watoto watoke mu mto waende masomo. Hii si ombi, ni sheria.

Juma lililopita tulirudi kwa yule mama mwenye kutuzidi. Tulimkuta pale bwawani, bâche imetoboka pembeni, anaziba na kipande cha kaoutchou. Tulimweleza habari ya batri inayoisha. Akasikiliza paka mwisho, akasema:

"Basi hii kilulu iko na njaa kuliko miye. Sawa. Nitangoja siku mbili. Lakini ninyi muniletee lile bwawa ingine, juu miye pia sina akiba ya siku mbili."

Amesema yote. Kidudu hakiwezi kungoja, na mama naye hawezi. Kati yao wawili inafaa kuwe na bwawa la pili na la tatu. Mchango wa mwezi huu unaanza jumamosi, nyuma ya paie, pale pa siku zote chini ya mwembe. Kila mmoja alete alicho nacho, hata kipande cha bâche ya zamani.